Spika Mbili za Bwalo Letu: Historia Yake na Matengenezo Yake

Ndugu wenzangu mliosoma shule yetu,

Mhariri ameniomba niandike makala ya historia kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu. Bila shaka alitazamia habari za wakuu wa shule waliopita, au jinsi bweni la kwanza lilivyojengwa. Habari hizo wapo wanaozijua kuliko mimi. Mimi nimechagua chombo ambacho sote tulikisikia lakini wachache tulikitazama: zile spika mbili zilizokaa kando ya jukwaa la bwalo, kila moja ndani ya sanduku la mbao lililopakwa rangi nyeusi, kimo chake kama mtoto wa darasa la tatu.

Sababu zangu ni mbili. Kwanza, kamati ya mkutano imependekeza spika hizo zitupwe, nasi tuchange fedha za kununua mpya. Pili, ninalo deni la miaka mingi juu ya spika mojawapo, na nakusudia kulilipa kabla ya kumaliza makala haya.

Tuanze na chombo chenyewe. Spika ni koili ya waya mwembamba wa shaba, iliyozungushwa juu ya bomba dogo la karatasi, ikaning'inizwa katika uwazi mwembamba wa sumaku. Bomba hilo limegandishwa kwenye karatasi kubwa yenye umbo la koni. Umeme wa sauti ukipita katika koili, koili husukumwa na kuvutwa na sumaku. Karatasi nayo hufuata, na hewa hutikisika. Mwalimu wetu wa Fizikia alikuwa akituchorea jambo hili ubaoni kwa mistari sita tu. Lakini mistari hiyo sita iliwachukua wanadamu nusu karne kuifanya iseme.

Mwaka 1874 Mjerumani Werner Siemens alipata hati ya uvumbuzi wa koili inayocheza ndani ya sumaku. Hakuitumia kwa sauti, maana wakati ule hapakuwa na umeme wenye nguvu ya kutosha uliochukua sauti ya mtu. Hata simu ya Alexander Graham Bell ilikuwa bado, ilikuja mwaka 1876. Mwaka 1898 Mwingereza Oliver Lodge alipata hati ya chombo kama hicho kwa ajili ya kukuza sauti, lakini naye alikosa kitu kilekile. Ilibidi ingojewe valvu ya kukuza umeme, ambayo Mmarekani Lee de Forest aliibuni mwaka 1906. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Mwaka 1915, huko Napa katika jimbo la California, Peter Jensen, mzaliwa wa Denmark, na mwenzake Edwin Pridham walifunga koili na utando kwenye pembe ya gramafoni, wakasikika mbali mno. Wakakiita chombo chao Magnavox, maana yake kwa Kilatini ni sauti kuu. Mwaka 1919 Rais Wilson wa Marekani alihutubia umati mkubwa uwanjani San Diego kwa chombo hicho.

Spika ya koni, ile tuijuayo sisi, ilielezwa mwaka 1925 na wahandisi wawili wa Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg. Mwaka uliofuata ikauzwa madukani. Tangu hapo hadi leo umbo lake halikubadilika sana. Fundi wa mwaka 1930 akifufuka leo na kuletewa spika ya dukani, ataitambua mara moja na kujua wapi pa kushika.

Kilichobadilika ni vitu inavyotengenezwa navyo, na hapa ndipo historia inapomfaa mtu anayetaka kutengeneza spika nyumbani kwake. Kila zama zilitumia vitu vyake, na kila kitu kina namna yake ya kufa.

Chukueni sumaku. Spika za kwanza za koni zilitumia sumaku ya umeme, kwa kuwa sumaku za kudumu za siku zile zilikuwa dhaifu. Katika miaka ya 1930 ikapatikana sumaku ya mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti, iitwayo alnico, nayo ikawa ndiyo sumaku ya spika bora kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Philips ikatoa sumaku ya feraiti, ambayo ni kama kigae kilichochomwa, yenye asili ya kutu ya chuma. Feraiti ilikuwa rahisi, lakini watengenezaji wengi wa spika kubwa waliendelea kuipenda alnico.

Mwaka 1978 yakatokea mambo katika ardhi ya Waswahili wenzetu. Jimbo la Shaba, ambalo baadaye lilirudishiwa jina la Katanga, ndilo lililokuwa likiipatia dunia sehemu kubwa ya kobalti. Mwezi wa Mei mwaka ule vita viliingia Kolwezi, mji wa migodi. Katika muda wa mwaka mmoja hivi bei ya kobalti ilipanda zaidi ya mara tatu. Viwanda vya spika vya Marekani, JBL mmojawapo, vikalazimika kuiacha alnico na kuhamia feraiti. Basi mtu aliyenunua spika huko New York mwaka 1981 alipata sumaku ya namna nyingine kwa sababu ya risasi zilizolia Kolwezi. Sisi tuliofundishwa kwamba historia hutoka Ulaya kuja kwetu, yafaa tulikumbuke hilo.

Kwa fundi wa nyumbani tofauti ni hii. Sumaku ya feraiti ni bapa na nyeusi, kama chapati nene iliyoungua. Ya alnico aghalabu imefichwa ndani ya kikombe kirefu cha chuma. Ukiiona hiyo, usiichomoe kamwe kutoka katika chuma chake, maana itapoteza nguvu na hutairudisha kwa mikono mitupu. Spika za bwalo letu zina kikombe kirefu. Kwa hiyo naamini zilitengenezwa kabla ya mambo ya Kolwezi, nazo ni wazee kuliko mimi ninayeandika.

Kitu cha pili ni ukingo, yaani ile pete laini inayoishika koni kwenye fremu ili icheze bila kuyumba. Hapo zamani ukingo ulikuwa karatasi ileile ya koni iliyokunjwa mikunjo, au kitambaa kilichopakwa dawa. Mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur alitoa spika ya sanduku dogo lililozibwa, ambayo ilitaka koni iliyolegea sana. Kisha, katika miaka ya 1960 na 1970, viwanda vingi vikaanza kutumia ukingo wa sponji. Sauti nzito ilikuwa nzuri, na watu walifurahi. Lakini sponji ile huliwa na unyevu, joto na mwanga. Baada ya miaka 10 au 20 hugeuka unga ukiigusa, kama mkate mkavu. Ndiyo maana spika ya mwaka 1955 yenye ukingo wa kitambaa yaweza kuwa nzima leo, na ya mwaka 1985 ikawa imepukutika.

Nyumbani kwangu ninazo spika mbili za namna hiyo, nilizorithi kwa baba yangu mdogo. Nilipozifungua, ukingo ulibaki vidoleni mwangu. Mke wangu alisema zitupwe. Niliiondoa sponji ya zamani kwa spiriti na kisu butu, taratibu, nikakata pete mpya katika kitambaa chepesi, nikakipaka mpira wa maji ili hewa isipenye, nikakigandisha. Kazi yote ilinichukua Jumamosi mbili, ya pili kwa sababu ya haraka yangu ya Jumamosi ya kwanza: sikuiweka koni katikati, koili ikawa inakwaruza sumaku. Dawa yake ni kutoa kifuniko kidogo cha katikati, kuchomeka vipande vyembamba vya filamu ya picha kati ya bomba la koili na nguzo ya sumaku ili koili isimame sawa pande zote, kisha ndipo ugandishe, uache siku nzima, uchomoe vile vipande na kurudisha kifuniko. Kabla ya kuwasha, sukuma koni polepole kwa vidole vya mikono miwili huku umetega sikio. Ukisikia kama mchanga, bado.

Sasa tuje kwetu. Matangazo ya redio yalianza Nairobi mwaka 1928, lakini hayakuwa ya wazee wetu. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na Radio Tanzania mwaka 1965. Wakati huo redio za transista zenye kutumia betri za tochi zilikuwa zimekwisha kuingia vijijini, na ndani ya kila moja kulikuwa na spika ndogo ya karatasi, isiyozidi upana wa kiganja. Kwa spika za kiasi hicho taifa lilijengwa. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kusikiliza vipindi redioni na kujadili habari za vyoo, maji na malaria. Mwaka 1975 wakasikiliza Chakula ni Uhai. Tarehe 2 Novemba 1978 walimsikia Mwalimu Nyerere akitangaza vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin, na tarehe 12 Aprili 1984 walimsikia akitangaza kifo cha Waziri Mkuu Edward Sokoine. Baba yangu alipozungumzia jioni ile ya 1984 alikuwa akitaja pia kwamba redio ilikuwa ikikoroma, na kwamba watu walisogea hata vichwa vikagusana.

Ilikoroma kwa kuwa mende walikuwa wametafuna karatasi ya spika. Miaka ile vipuri havikuwapo madukani, na hata sabuni ilikuwa kwa kupanga foleni. Baba aliziba kwa karatasi laini na gundi ya uji wa muhogo. Ilisema vizuri kwa miezi michache, kisha mende wakarudi kuila gundi. Alipoziba mara ya pili alitumia gundi ya fundi viatu, akaipaka kidogo sana, maana alikwisha kujifunza kwamba koni ikizidi uzito sauti hufifia. Redio ile iliendelea hadi mimi nilipokwenda sekondari. Elimu ya Kujitegemea, aliyoiandika Mwalimu mwaka 1967, wengine tuliipata mezani kabla ya kuisoma.

Sasa nalifikia deni langu.

Mwaka 1998 nilikuwa Kidato cha Nne na kiranja wa burudani. Usiku wa mahafali yetu niliteua vijana wanne wa Kidato cha Pili wanisaidie kubeba vyombo. Mmoja wao, mwembamba, mpole, alijikwaa kwenye kizingiti cha bwalo, na sanduku la spika likagusa sakafu. Kila mtu aliona. Nilimkaripia, tukaunganisha nyaya, spika zote mbili zikasema vizuri kabisa.

Saa nne usiku watu walipochangamka, nilifungua amplifaya hadi mwisho. Sauti ikawa inapasuka, nami nikaiacha. Yafaa nieleze kosa lenyewe, kwa kuwa hurudiwa kila Jumamosi katika kumbi zetu. Katika kila wati 100 zinazoingia katika spika, pengine moja au mbili tu hugeuka sauti. Zilizobaki zote hugeuka joto ndani ya koili. Amplifaya ikilazimishwa kupita uwezo wake hutoa umeme uliokatwa vichwa, na koili haipati nafasi ya kupoa. Baada ya nusu saa nilisikia harufu kama ya nywele zilizoungua. Spika ya kushoto ikanyamaza.

Asubuhi mwalimu wa zamu aliuliza. Wengi wakakumbuka kizingiti. Yule kijana hakujitetea sana, kwa maana kweli alijikwaa. Alipewa wiki nzima ya kung'oa visiki shambani, na mzazi wake akaandikiwa barua ya kuchangia matengenezo. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nikiwa na beji ya kiranja kifuani, nikanyamaza.

Spika ilipelekwa kwa mzee wetu wa maabara, yule aliyetutayarishia vifaa vya Kemia. Nilitumwa nimsaidie. Aliitenga koni na fremu yake kwa subira, akaitoa koili, akaiweka juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha. Akaniambia nitazame. Spika iliyoanguka, alisema, huhama sumaku yake au kupinda fremu, na koili huchubuka upande mmoja tu. Hii haikuchubuka popote. Ilikuwa nyeusi mzunguko mzima, vanishi ya waya imevimba, bomba lake la karatasi limekuwa kama mkaa. "Hii haikuanguka," alisema. "Hii imeungua." Kisha alinitazama muda mrefu, akaongeza kwamba anayejua ataeleza mwenyewe.

Tuliifumua koili ile pamoja, yeye akifumua, mimi nikihesabu mizunguko. Alitafuta waya wa shaba wenye vanishi wa unene uleule, akakata karatasi ngumu, akaiviringisha juu ya kipande cha mti alichokichonga kufikia kipimo cha bomba la zamani, akazungusha waya tabaka mbili ili ncha zote mbili zitokee upande mmoja. Akapaka vanishi, akaacha hadi kesho yake. Alisimamisha koili katikati kwa vipande vya filamu ya eksirei alivyopewa zahanati. Alipogusisha nyaya kwenye betri moja ya tochi, koni ilisogea mbele kidogo na kusema "tap". Nilifurahi mno, na katika furaha ile nilisahau visiki vya yule kijana. Mwezi uliofuata nilifanya mtihani, nikaondoka shuleni bila kueleza.

Baadaye nilisoma historia pale Mlimani, nikafundishwa kutofautisha kinachosemwa na watu na kinachoonyeshwa na ushahidi. Sikujifunza huko jambo jipya. Nilikwisha kulijifunza mbele ya dirisha la maabara, ila sikulitenda. Katika utumishi wangu serikalini nimekaa katika kamati kadhaa za nidhamu, na kila mara faili linapofunguliwa huuliza kwanza: je, kimeanguka au kimeungua? Wenzangu hudhani ni msemo wa kwetu.

Ndugu yangu uliyejikwaa kwenye kizingiti, kama unasoma makala haya: hukuharibu kitu. Niliyeunguza ni mimi. Nakuomba radhi mbele ya wenzetu wote, na kile mzazi wako alichotoa nimekusudia kukirudisha. Nitakuwa mkutanoni siku zote mbili.

Mwezi Desemba uliopita nilimwomba mkuu wa shule ruhusa nikazitazame spika zetu. Zimo stoo, nyuma ya madawati mabovu. Nilikwenda na mita, betri ya tochi na bisibisi. Ile ya kushoto, iliyotengenezwa mwaka 1998, ukingo wake wa kitambaa ni mzima, na koili ya mzee wetu ilionyesha omu 6 na ushei, kama inavyopasa kwa spika ya omu 8. Nilipogusisha betri ilisema "tap" ileile. Ya kulia koni yake imeliwa na mende upande wa chini, na kifuniko cha katikati kimebonyezwa na kidole cha mtoto fulani. Koili yake ni nzima. Kuitengeneza kunahitaji karatasi, gundi, na alasiri mbili za mtu asiye na haraka. Gharama yake haifikii nauli yangu ya kuja mkutanoni.

Sipingi kununua vyombo vipya. Amplifaya ile imekwisha, na hiyo inunuliwe. Bali napendekeza spika zisitupwe. Tukae na vijana wa Fizikia siku ya kwanza ya mkutano, tuifungue ya kulia mbele yao, waione koili kwa macho yao, kisha wao wenyewe waifunge. Nitaleta gundi na filamu. Atakayejua kazi hii kuliko mimi, naye aje, maana wapo kati yetu mafundi wa kweli.

Na kitasa cha sauti cha amplifaya mpya nashauri tukiwekee alama ya rangi nyekundu mahali pa kukomea. Nitaipaka mimi mwenyewe.

Wenu katika undugu wa shule,
Mhitimu wa Kidato cha Nne, 1998